Sabini na Mbili, Namba ya Mwalimu

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo jioni, katika maabara ya kemia ya shule yetu, pale Madam, mwalimu wetu wa kemia, alipochukua chaki, akaandika ubaoni 72, akaipigia mistari miwili chini, kisha akatugeukia na kusema, "Hiyo ndiyo namba yangu. Ikaribieni."

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu hutazama viatu kwanza, na mwenzangu wa mradi, ambaye hata akiitwa ofisini kuadhibiwa hutoka akicheka pamoja na aliyemwadhibu. Kesho yake asubuhi tulitakiwa kupeleka mradi wetu kwenye kongamano la sayansi, katika ukumbi wa shule nyingine ng'ambo ya Jogoo Road.

Wacha nieleze namba ya mwalimu ni nini, maana huu ni ujinga ambao mtu lazima aelezwe ndipo aamini. Kwenye mtihani wa vitendo, mwalimu hufanya jaribio kwanza, peke yake, akapata namba. Halafu sisi tunafanya lile lile, na alama zetu hutegemea tumeikaribia namba yake kiasi gani. Wazo lenyewe si baya. Mtu lazima alinganishwe na kitu. Lakini ona tunavyolifanya. Msichana mmoja hutumwa kwa mwenye stoo ya maabara, hurudi na namba kwenye kiganja, na kabla hujapangusa meza namba imeshatembea kutoka benchi la mbele hadi la nyuma kama chawa. Watu wanaandika matokeo chupa hazijafunguliwa. Darasa zima linapata jibu moja, hadi desimali, na Madam anasahihisha huku akitabasamu. Hajiulizi hata siku moja inakuwaje darasa zima la wasichana wenye mikono inayotetemeka waone rangi ikibadilika kwenye tone lile lile. Au anajiuliza na hajali. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kwa hiyo tangu kidato cha kwanza hatujajifunza kupima. Tumejifunza kuchungulia.

Mradi ulikuwa wangu. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu kwenye karatasi sina aibu. Ulitokana na mama.

Mama hushona mashati katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na damu yake imekuwa chini tangu mwaka jana. Vidonge tumbo lilivikataa, ndipo kliniki ikaanza kumtilia chuma kwa dripu. Dawa yenyewe ni ya kahawia nzito, kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyochemshwa hadi ikachoka. Daktari aliyekuwa zamu siku ya kwanza alinieleza, labda kwa sababu niliitazama chupa kuliko nilivyomtazama yeye, kwamba chuma hicho hakijayeyuka kama chumvi inavyoyeyuka. Ni vipunje. Vidogo mno, kila kimoja kimevikwa sukari, na hakuna darubini ya shule itakayokuonyesha hata kimoja. Kazi yote ya dawa iko kwenye udogo huo. Vikishikamana vikawa vikubwa, mwili hauvipokei vile vile.

Mara ya kwanza mama aliamka na nguvu, akafua hadi mapazia. Mara ya pili chupa ilikuwa ya kampuni nyingine.

"Ni ile ile tu, mama," muuguzi akasema. "Kampuni ndiyo tofauti."

Dripu haikufika nusu. Mama alianza kutetemeka, ngozi ikamwasha mwili mzima, wakaifunga. Labda ilikuwa dawa. Labda ilikuwa mwili wake. Nilipomuuliza muuguzi, na mimi kumuuliza mtu mzima swali ni tukio, mtu anajuaje kwamba vipunje vya chupa hii ni saizi moja na vya chupa ile, alinitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa maombi.

"Si imeandikwa jina ni lile lile?" akasema.

Imeandikwa! Nilitoka pale nikiwa nimemdharau kiasi kwamba nilisahau kusema asante.

Nikasoma kwenye simu ya mama hadi bando ikaisha. Nikaona kwamba swali langu halikuwa la kijinga, ila lilikuwa gumu. Dawa za vipunje kama hivyo hupimwa kwa mashine, na maabara mbili zinaweza kupima chupa moja zikatoa saizi mbili, kwa sababu huyu alichanganya na maji haya na yule na maji yale, huyu alitikisa na yule hakutikisa, huyu alipima papo hapo na yule akaenda kunywa chai kwanza. Ndiyo maana kuna watu ambao kazi yao si kutengeneza dawa bali ni kukubaliana. Tutapima vipi. Kwa maji gani. Baada ya muda gani. Na kabla ya kuiamini mashine, tutaipa kipunje gani ambacho sote tayari tunajua saizi yake. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna atakayekupigia makofi kanisani kwa sababu ulikubaliana na watu kuhusu maji. Niliipenda papo hapo.

Shuleni hatuna mashine. Tuna kloraidi ya chuma, ambayo ukiidondosha kwenye maji safi yanayochemka hugeuka rangi ya strungi na haitulii chini: chuma, vipunje vidogo vidogo, vinaelea. Si dawa, na sikuwahi kusema ni dawa. Nilitengeneza chupa nzima, ili kila kipimo kitokane na matone yake kwenye glasi ya maji baridi. Nikachukua boksi la viatu, nikalipaka rangi nyeusi ndani, nikatoboa tundu la leza upande mmoja na tundu la simu ubavuni. Leza inapita katikati ya glasi, vipunje vinatawanya mwanga, simu, kwa programu ya kupima mwanga, inausoma ule unaotokea ubavuni. Vipunje vikishikamana, mwanga wa ubavuni unazidi, namba inapanda. Namba hiyo haikwambii saizi. Inakwambia tu kama kuna kitu kimebadilika, na kwa boksi la viatu hiyo si haba.

Kwa maji ya betri, yale ya magari yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, ambayo hayana chumvi wala takataka, nilipata 19, halafu 23, halafu 20. Hiyo 23 ilitokana na alama ya kidole changu kwenye glasi. Niliiandika vile vile.

Madam alizikataa namba zangu hiyo Alhamisi jioni, dakika chache kabla hajashika chaki.

"Hizi zimetawanyika kama kuku," alisema. "Leteni hiyo glasi niwaonyeshe."

Akafungua bomba.

Sasa, wiki hiyo maji ya kaunti yalikuwa yamekatwa, na tangi la shule lilikuwa limejazwa na lori, maji ya kisima. Kila mtu wa huku kwetu anayajua maji hayo. Sabuni haitoi povu, chai inaota ngozi juu, sufuria inakaa na magamba meupe kama mguu wa mzee. Sisi wenyewe tulikuwa tumekataa kuyafulia soksi. Madam akayajaza kwenye glasi, akadondoshea chuma changu, kisha simu yake ikalia, akaenda dirishani kucheka na mtu. Alicheka kwa muda. Aliporudi akachungulia simu ya mama kwenye boksi, akasoma 72, akaenda ubaoni.

Ndani ya glasi strungi ilikuwa imeshavurugika. Machujo ya kutu yalikuwa yanashuka taratibu hadi chini. Hata mtu aliyefumba jicho moja angeona kwamba kitu kilichokuwa kinapimwa hapo hakikuwa tena kile tulichotia.

"Madam," mwenzangu akasema, "na zile zetu za ishirini?"

"Hizo mlikosea. Mnatumia maji ya gari. Hii dawa ni ya watu ama ni ya gari?"

Mwenzangu alicheka hadi akashika meza. Madam akafurahia mzaha wake, akanigeukia. "Na wewe profesa? Uko na neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kooni, zima, na koma zake. Nikatazama viatu.

"Hapana, Madam."

"Haya basi. Sabini na mbili. Chati iwe safi."

Akachukua mkoba akaondoka, na marashi yake yakabaki ingawa akili haikubaki. Ndivyo nilivyofikiria, na nilijidharau pia, maana ni rahisi kuwa mkali mtu akishafunga mlango.

Mwenzangu tayari alikuwa ametandaza karatasi ya chati mezani, anaandika kwa kalamu nyekundu. 71. 72. 73. 72. 72. Alikuwa na mwandiko mzuri, lazima nikubali. Akasimama, akainamisha kichwa kama fundi anayetazama ukuta.

"Tuweke na sitini na tisa moja," akasema. "Isikae kama tumepika sana."

Mbele yake yeye naweza kuzungumza. "Unajua hiyo ni kutu."

"Najua."

"Na bado unaandika?"

"Mtawa, nisikize." Huniita Mtawa kwa sababu sisalimii wavulana. "Jaji anakaa kwa meza yetu kama dakika tano. Anataka chati safi na mtu wa kuongea. Chati ndiyo hii, mdomo ninao. Wewe kazi yako ni kubeba boksi."

"Swali letu ni kama chupa mbili za jina moja ni sawa. Ukipika namba, tumejibu nini?"

"Tumejibu tunaenda mbele." Aliiacha kalamu. "Manze, mimi sijawahi kulala nje ya Makongeni. Hata siku moja, hata kwa shosho, juu shosho tunaishi na yeye. Wakituchagua kwa raundi ijayo tunalala bweni ya watu, kitanda yangu pekee yangu. Usiniharibie."

Ningemhurumia. Nyumba yao ni ile ya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na pazia, na watu saba, nyanya yake akiwemo. Lakini hapo hapo akachora ua pembeni mwa 72 na kulipaka rangi ya kumetameta, na huruma yangu ikaenda zake.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua majani ya sukuma mlangoni, mahali penye mwanga. Siku hizi akisimama ghafla hushika fremu ya mlango kwanza, halafu anajifanya alikuwa anaitazama rangi yake.

"Kliniki wamenipigia," akasema. "Wiki ijayo nirudi tuanze tena."

"Na chupa gani?"

"Watakayokuwa nayo." Akarusha shina kwenye beseni. "Na hiyo sayansi yenu, mmegundua kama dawa yangu ni ile ile?"

"Tumegundua maji ya lori ni mabaya."

"Hiyo nilijua bila kwenda shule." Akacheka, akapumzika, akapumua. "Kesho utasema nini huko mbele ya watu?"

"Mwenzangu ndiye anasema."

"Na wewe?"

Nilichukua kisu nikamsaidia kukata sukuma, na wakati nakata ndipo niliona jambo lilivyo, wazi kabisa. Kesho ningesimama kando ya chati inayosema kwamba tulipima, na hatukupima. Yule muuguzi niliyemdharau miezi yote hiyo alikuwa amesema ni ile ile tu kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliandika. Na mtu huyo aliandika kwa sababu kuna mwingine alimpa namba ya kukaribia. Kesho mtu huyo ningekuwa mimi, tena na ua la kumetameta. Halafu wiki ijayo ningempeleka mama akae kwenye kile kiti, achomwe sindano mkononi, na mimi nikae kando yake nikilaumu watu wazima.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika shuleni mapema kuchukua boksi. Nilijaza chupa moja ya soda maji ya tangi, nikachukua na galoni ya maji ya betri iliyobaki nusu, nikaviweka vyote kwenye begi pamoja na chuma changu. Sikuwa nimeamua lolote. Nilitaka tu viwepo.

Ukumbi ule ulikuwa umejaa uongo uliopakwa rangi. Sisemi kwa wivu. Kulikuwa na volkano, kwa sababu kila mwaka lazima kuwe na volkano, kana kwamba Kenya nzima hakuna mtu aliyewahi kuona siki na baking poda vikitoa povu. Kulikuwa na mvulana aliyevaa koti jeupe la daktari na miwani isiyo na vioo, akilinda roboti ya katoni iliyotembea ikisukumwa. Kulikuwa na mashine ya kutoa umeme kwa maganda ya ndizi, na betri mpya kabisa imefichwa chini ya maganda. Walimu walipita wakipapasa chati za watu kama wanunuzi wa vitambaa. Mradi wenye karatasi nene ulisimamiwa muda mrefu zaidi. Niliona kwa macho yangu.

Jaji wetu alikuwa mwalimu wa fizikia kutoka shule ya mbali, mwenye suti na kalamu tatu mfukoni. Madam alisimama nyuma yetu, mikono kifuani.

Mwenzangu akaanza. Alisema teknolojia ya nano itaokoa Afrika. Alisema sisi kama wasichana tumethibitisha. Alinyoosha mkono kuelekea 72 kama mchungaji anayeonyesha mbingu, na kwa kweli alipendeza, hata mimi niliyejua kila kitu nilitaka kumwamini.

Jaji alitembeza kidole kwenye namba. "71, 72, 73, 72... Matokeo yanakaribiana sana. Hii ndiyo inaitwa kazi ya uhakika."

Yanakaribiana kwa sababu yalizaliwa siku moja kwa kalamu moja! Mwanamume wa suti, kalamu tatu, na hakuona wino ulivyo mmoja.

"Na huyu mwingine haongei?"

"Huyo ni mtawa, Mwalimu," mwenzangu akasema, na watu wa meza ya jirani wakacheka.

Nikafungua begi. Kwa haraka nikamwaga maji kidogo kwenye kitambaa cha meza. Nikajaza glasi moja maji ya betri, nyingine maji ya lori. Chuma kilikuwa kwenye chupa moja, na nilidondosha kutoka chupa hiyo hiyo, matone sawa, jaji akiona. Nikaingiza ya kwanza kwenye boksi, nikawasha leza, nikaegesha simu ya mama kwenye tundu, kioo chake kikimtazama jaji.

"Soma," nikasema.

"Ati?" Aliinama, maana sauti yangu ilikuwa imebaki mdomoni.

"Soma, Mwalimu."

"Ishirini na moja."

Nikatoa, nikaingiza ya pili. "Arobaini," akasema. Kisha, "Ngoja. Hamsini na tano. Sitini na moja. Mbona inapanda?"

"Vinashikamana."

"Kifaa kinasumbua," Madam akasema kutoka nyuma, kwa sauti ile ya kuongea na wageni. "Sahihi ni sabini na mbili. Nilipima mwenyewe."

Jaji akanitazama. "Sasa ipi ndiyo sahihi?"

Ningependa kuandika kwamba nilisema vizuri. Nilisema nikitazama kitambaa cha meza, nikameza nusu ya maneno, na katikati niligugumia hadi mwenzangu akanifinya ubavu. Lakini nilisema. Nilisema hatuwezi kujua sahihi kabla hatujakubaliana ni maji gani na tunasubiri kiasi gani, na kwamba hata dawa ya kweli ikipimwa hivi inaweza kuitwa ni ile ile wakati si ile, au kuitwa si ile wakati ndiyo. Nilisema, "Hizo za kwenye chati hatukuzipima. Tuliziandika."

Ukumbi haukunyamaza. Volkano ya jirani ilikuwa inalipuka na watu wanapiga makofi. Jaji alimtazama Madam, Madam akatazama saa yake. Jaji akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akafunika kalamu.

"Mngekuja na jibu," akaniambia, bila ubaya. "Mradi bila jibu ni swali tu." Akaenda kwa roboti.

Ni swali tu! Nilitamani kumkimbilia nimshike koti. Basi kwani alidhani sayansi ni nini, mashindano ya kwaya?

Mwenzangu hakunitukana. Ningependelea anitukane. Alikuwa anakunjua ncha za chati kwa kucha, taratibu, ili machozi yasionekane.

"Umenimaliza," akasema. "Sisemi umetumaliza. Umenimaliza mimi. Wewe hukutaka kwenda mahali."

Hilo lilikuwa kweli, na bado ningefanya vile vile. Nilimwambia samahani. Alisema nikae nayo.

Kulikuwa na majaji wengine wawili ambao hawakuwa wamefika kwetu bado. Nikachukua kalamu nyekundu kutoka kwenye kopo lake, nikapiga mstari juu ya kila namba aliyoandika, na juu ya 72 pamoja na ua lake. Chini nikaandika 19, 23, 20, maji ya betri, na kando ya 23 nikaandika alama ya kidole. Nikaanza mstari wa maji ya lori: 40, 55, 61, bado inapanda. Mwandiko wangu ni mbaya na wino ulikuwa unakata.

"Wewe msichana, toka hapo," Madam akasema sikioni mwangu, kwa sauti ya chini. "Toka hapo sasa hivi."

Nilimaliza kuandika kwanza.